Huduma ya kupima kaboni kwenye chuma kwa leza: nimeitumia, inafaa, ila kuna vitu udai kabla hujalipa

Wakuu habari zenu. Hii ni rivyu ya huduma, si tangazo, sijalipwa na mtu, na jina la maabara siweki kwa sababu kuna sehemu nitawalalamikia na yale mambo tulishayamaliza wenyewe kwa wenyewe. Ninachotaka ni fundi yeyote anayechonga gia na kuzipika kwenye mkaa ajue kwamba kuna kipimo cha namna hii, kinafanyaje kazi, kinakula shilingi ngapi, na akienda pale adai nini. Mimi niko Morogoro, nina karakana ndogo, leith mbili na mashine moja ya kukata meno, kazi yetu kubwa ni gia na pinyoni (zile gia ndogo zinazosukuma kubwa) za mashine za kukamua miwa, hizi za juisi za barabarani na zile kubwa kidogo za wanaopika sukari guru.

Sasa kama umewahi kutengeneza gia ya mashine ya miwa unajua adha yake. Zile rola zinabana muwa kwa nguvu, maji ya miwa yanarukia kila mahali, mchanga upo, grisi inaoshwa, na mwenye mashine akiona muwa umekwama anarudisha nyuma ghafla halafu anasukuma tena mbele. Gia ya chuma laini tupu inakaa miezi mitatu meno yanakuwa membamba juu kama ya msumeno. Ukitumia chuma kigumu mpaka ndani, jino linavunjika kwenye shina. Kwa hiyo dawa ni ile wazee wanaijua, unachonga kwa chuma laini halafu unaipa ngozi ngumu, ndani ibaki na ulaini wake wa kuvumilia vishindo.

Ngozi ngumu inatengenezwa hivi, unachukua boksi la chuma, unapanga gia zako ndani, unazizika kwenye mkaa uliopondwa ukubwa wa punje za mahindi, mkaa umechanganywa na magadi kidogo, unafunika, unaziba na udongo wa mfinyanzi hewa isiingie, halafu boksi zima linaingia kwenye tanuri nyuzi 900 na kitu kwa masaa kadhaa. Wengi tunadhani mkaa ndio unaogusa chuma na kukipa kaboni, kumbe kazi kubwa inafanywa na gesi, ile kaboni monoksaidi inayotokea mle ndani, ndiyo inaingia kila kona ya jino na kuacha kaboni juu ya chuma, na magadi yanasaidia gesi hiyo itengenezwe haraka. Ukishamaliza kupika unaipasha tena na kuizima kwenye maji ya chumvi au mafuta kutegemea na chuma chako, na pale juu penye kaboni nyingi panakuwa pagumu hata tupa haing'ati.

Na hapa ndipo penye kitu ambacho mimi kinanishangaza mpaka leo ingawa nimekisoma darasani. Chuma ni kigumu, hakijayeyuka, uko nacho pale kwenye tanuri kimekuwa chekundu lakini ni kipande kizima kabisa, na bado kaboni inatembea ndani yake. Atomu za kaboni ni ndogo, zinapenya katikati ya atomu za chuma kama mtoto anavyopita katikati ya watu Kariakoo siku ya kuamkia sikukuu, watu wazima hawasogei lakini yeye anafika mbele. Kwenye nyuzi 900 kaboni inasambaa ndani ya chuma karibu mara laki 5 haraka kuliko atomu za chuma zenyewe zinavyohamahama. Atomu kubwa kama kromi au nikeli haziwezi kupita hivyo, zinabidi zisubiri nafasi ya jirani iwe wazi ndipo ziruke, ndiyo maana huwezi kupika gia kwenye unga wa kromi masaa sita ukategemea imeingia milimita.

Kanuni ya hii safari ya atomu iliandikwa 1855 na daktari mmoja, Adolf Fick, na yeye alikuwa anafikiria vitu vinavyosambaa kwenye maji, si kwenye chuma. Aliyeonyesha kwa vipimo kwamba hata metali ngumu inapenyana ni William Roberts-Austen, mkemia wa kiwanda cha sarafu cha serikali ya Uingereza, 1896 aliweka dhahabu kwenye risasi, akaiacha ikiwa ya moto lakini haijayeyuka, halafu akaikata risasi vipande vipande na kupima kila kipande kina dhahabu kiasi gani. Ile hali ya chuma chekundu tunayoitegemea wakati wa kupika, ostenaiti, imepewa jina lake huyo. Kata halafu pima, kata halafu pima. Zaidi ya miaka 100 baadaye mambo ni yaleyale, sasa hivi tofauti ni kwamba kinachokata na kupima ni mwanga.

Niseme kwanza kwa nini nilienda. Mimi kwa miaka napika masaa 6, tanuri langu la umeme linasoma 920, na kwa mahesabu ya vitabu kwa chuma chenye kaboni asilimia 0.2 ndani na kama asilimia 0.9 pale juu kabisa, baada ya masaa 6 nilitakiwa kukuta kaboni asilimia 0.4 kwenye kina cha milimita 0.61 hivi. Hapo kwenye 0.4 ndipo mimi nahesabu ngozi imeishia. Nikishamaliza kupika nasugua kama milimita 0.1 kurekebisha jino, inabaki nusu milimita, inatosha kabisa kwa gia ndogo kama zetu. Lakini gia zilikuwa zinarudi. Si zote, ila zinarudi, na ukiangalia jino unaona ngozi imebanduka vipande vyembamba kama maganda ya karanga na chini yake chuma laini kimebonyea. Yaani ngozi ilikuwa nyembamba kuliko nilivyokuwa namwambia mteja, na hicho kitu kilikuwa kinaniuma sana, maana nilikuwa namwambia mtu namba ambayo sijaipima.

Nikauliza uliza. Ile bunduki ya eksrei wanayotumia wanunuzi wa skrapu haioni kaboni kabisa, ni atomu nyepesi mno kwake. Mashine ya cheche ya viwandani inaona kaboni vizuri lakini alama yake ni kubwa, milimita kadhaa, sasa wewe unataka kujua ndani ya milimita moja kuna nini kila hatua itakusaidia nini? Kipimo cha ugumu cha kubonyeza kialmasi kidogo kinafaa na ni bei rahisi, ila ugumu unategemea na ulivyozima, kama maji yako yalikuwa ya vuguvugu utapata ugumu mdogo wakati kaboni ipo, utaenda kulaumu mkaa bure. Ndipo jamaa mmoja wa ukaguzi wa mabomba akaniambia kuna maabara Dar ina mashine ya leza ya mezani.

Inafanyaje kazi. Leza inapiga mapigo mafupi sana, sekunde moja igawe mara bilioni, pigo linachukua chache tu ya hizo. Nguvu yote ile ikikusanywa kwenye nukta ndogo, chuma cha pale hakiyeyuki tu, kinakuwa mvuke unaowaka, plasma, joto lake linapita nyuzi 10,000. Ile cheche inapopoa kila aina ya atomu inatoa mwanga wa rangi zake, kaboni ina zake, chuma kina zake, na spektromita inazitenganisha na kuzihesabu. Wenyewe wanaiita LIBS. Ndiyo teknolojia hiyohiyo iliyoko kwenye kile kigari Curiosity kilichotua Mars 2012, kinapiga mawe kwa leza kutoka umbali wa mpaka mita 7 na kusoma yametengenezwa na nini.

Kwa kaboni kuna ugumu wake na hapa msome taratibu. Mwanga wake mzuri wa kupimia uko kwenye nanomita 193, ni urujuanimno wa mbali, macho hayauoni na oksijeni ya hewa inaunyonya. Kwa hiyo lazima pale cheche inapotokea pawe na gesi ya agoni inapulizwa. Kaboni ina mwanga mwingine kwenye 247.86, huo hewa haiunyonyi sana, lakini chuma nacho kina mwanga wake karibu palepale kabisa, ukiwa unapima chuma unachanganyikiwa. Ukiona mtu anakwambia anakupimia kaboni ndogo kwenye chuma kwa leza na hana mtungi wa agoni pembeni, muulize maswali.

Hawa wa kwangu mtungi walikuwa nao. Bei yao ni 180,000 kwa sampuli moja, nilituma kwa basi kipande kimoja. Si gia, nilituma kile ninachokiita kipande shahidi, yaani kipande cha fito ileile ninayochongea gia, milimita 20, kimepikwa boksi moja na gia masaa yaleyale 6, halafu nikakiacha kipoe chenyewe polepole bila kuzima ili kikatike kirahisi. Nawashauri wote mfanye hivi, usitume gia ya mteja.

Majibu ya kwanza yalikuja baada ya wiki mbili na nusu wakati niliambiwa siku tano, na simu hazikuwa zinapokelewa. Hilo la kwanza. La pili ndio kubwa, walipima kwa kutokea juu, yaani hawakukata kipande, waliweka leza juu ya uso wakapiga palepale mamia ya mapigo wakawa wanachimba kisima kwenda chini. Grafu ikaonyesha kaboni ipo nyingi mpaka kina kirefu, inashuka polepole kama mteremko wa barabara ya lami. Mtu ambaye hajui angefurahi sana. Mimi nilijua haiwezekani maana meno yangu yanabanduka. Tatizo ni kwamba kila pigo linatoa kama mikroni moja (milimita moja igawe mara elfu) au chini ya hapo, shimo likishakuwa refu mwanga unapata shida kutoka, na leza inaanza kulamba na kuta za shimo ambazo kule juu zina kaboni nyingi, kwa hiyo unasoma mchanganyiko wa juu na chini ukidhani ni chini. Njia hiyo inafaa kwa ngozi nyembamba za mikroni chache, kwa nusu milimita haifai.

Nikapanda basi nikaenda mwenyewe. Hapo ndipo huduma ilibadilika, maana nilikutana na dada mmoja fundi sanifu wa pale, kijana, ameshika ile ripoti anaiangalia, akaniambia, "Fundi, hii nani alisema ipimwe kutokea juu?" Nikamwambia mimi sikuulizwa, nililetewa tu. Akaniambia nikae. Hakunibishia, hakuniambia mfumo ndivyo ulivyo. Akaandika oda mpya kwa nusu bei, 90,000, akasema tunakata kipande katikati na tunatembea na leza kutoka ukingoni kwenda ndani. Nusu bei mimi naona ingekuwa bure kabisa maana kosa halikuwa langu, hiyo nyota moja ninayowanyima ndiyo hiyo pamoja na zile wiki mbili.

Aliniruhusu nisimame nitazame, na sitasahau. Kipande kinabanwa kwenye meza ndogo inayosogea kwa mota, unakiona kwenye skrini kimekuzwa, ukingo umenyooka. Nukta ya leza ni mikroni 50, na kila hatua ni mikroni 50, kwa hiyo milimita moja ni hatua 20, na anapita mistari mitano sambamba ili achukue wastani. Kila nukta mapigo mawili ya mwanzo yanatupwa, ni ya kusafisha tu, kwa sababu jasho la kidole na mafuta ya msumeno vyote vina kaboni. Unasikia tik, tik, tik, kama mtu anagonga kucha kwenye meza, na kila tik kuna kicheche cha buluu kidogo chini ya kioo cheusi. Baada ya mstari ukiangalia kwa hadubini unaona vishimo vimepangana kama kushona kwa cherehani.

Grafu ikaanza kutoka, inashuka vizuri kutoka ukingoni, halafu ghafla katikati kule ambako chuma kinatakiwa kiwe na 0.2 tu, inaruka kwenye 1.5, inashuka, inaruka tena kwenye 2. Mimi nikawaza mashine imekufa. Dada akanyamaza kidogo akasimamisha, akatoa kipande, akaniuliza kilisuguliwa na nini, mwenzake akasema msasa wa maji ule mweusi. Basi hapo ndipo kosa lilipokuwa. Msasa mweusi ni silikoni kabaidi, una kaboni ndani yake, vile vipunje vyake vinazama kwenye chuma laini vinabaki, leza ikipiga juu ya kipunje inasoma kaboni ya msasa. Na ile pesti ya almasi ya kung'arishia ndio usiseme, almasi ni kaboni tupu! Akasugua upya kwa alumina, ambayo haina kaboni, mwanzo mpaka mwisho, akaosha kwa spiriti, akarudia bila kunitoza. Ile milima yote ikapotea. Karakana zetu nyingi zina msasa huo mweusi tu, kwa hiyo ukitaka kusugua mwenyewe ili upunguze gharama, acha, wape wao wasugue na uwaulize wanatumia nini.

Kitu kingine alichofanya yule dada ambacho aliyepima mara ya kwanza asingefanya, hakuzamisha kipande kwenye ile plastiki nyeusi ya kushikilia sampuli, maana plastiki nayo ina kaboni na ukingo wako ndipo unapotaka usomeke vizuri. Alikibana na kipande kingine cha chuma ubavuni. Hata hivyo alisema nukta ya kwanza kabisa ya ukingoni asiiamini sana, na kwenye ripoti ameiwekea alama. Mashine waliilinganisha na vipande vya chuma vyenye vyeti, kaboni inayojulikana kuanzia 0.1 mpaka 1.0, na kila namba kwenye ripoti imeandikwa na kosa lake, kwangu ilikuwa jumlisha au kutoa 0.03. Ripoti isiyo na hiyo namba ya kosa usiikubali.

Majibu: kaboni 0.4 iko kwenye kina cha milimita 0.44. Si 0.61. Ukisugua 0.1 unabaki na 0.34. Basi nikaelewa maganda ya karanga yanatoka wapi.

Sasa, kwa nini? Mimi moja kwa moja nikasema tanuri langu linadanganya joto. Dada akaniambia kitu ambacho kwa mimi ndio kilikuwa thamani ya safari nzima. Akasema grafu moja haiwezi kukwambia kama joto lilikuwa dogo au muda ulikuwa mfupi, kwa sababu kwenye kanuni joto na muda vinaingia vikiwa vimezidishwa pamoja. Joto ndio linaamua kasi ya kaboni, na kasi mara muda ndio inaamua kina. Kasi ndogo kwa muda mrefu na kasi kubwa kwa muda mfupi vinatoa grafu ileile, huwezi kuvitenganisha. Akasema, "Fundi, niletee vipande viwili vingine, joto lilelile, masaa tofauti." Nikarudi Morogoro nikapika kimoja masaa 4 na kingine masaa 9, tanuri linasoma 920 kama kawaida, nikatuma, safari hii majibu yalikuja siku ya sita.

Masaa 4 ikatoka 0.31. Masaa 6 tunayo 0.44. Masaa 9 ikatoka 0.58. Nikaziweka kwenye eksel. Kina hakiendi sambamba na muda, ukitaka kina mara mbili unahitaji muda mara nne, hiyo wengi mnaijua, kwa hiyo unachukua kina unakizidisha kwa chenyewe ndipo unakichora na muda, inatakiwa itoke mstari mnyoofu. Ikatoka mstari mnyoofu kweli. Lakini mstari haukuanzia kwenye saa sifuri, ukiurudisha chini unagusa sakafu kwenye saa ya pili! Yaani masaa mawili ya kwanza hakuna kitu kilichokuwa kinaingia. Nilikuwa naanza kuhesabu pale tanuri linaposoma 920, kumbe lile ni joto la ukuta wa tanuri ambako thamokapo, ile waya ya kupimia joto, imechomekwa, boksi langu limejaa mkaa, na mkaa hausafirishi joto vizuri, katikati ya boksi gia bado zinapashika taratibu. Nilikuwa nalipia umeme masaa 6 na kaboni inafanya kazi masaa 4.

Na ule mwinuko wa mstari ndio unakupa kasi yenyewe ya kaboni, ikatoka kama 5.9 gawanya kwa trilioni, kwa mita za mraba kwa sekunde. Ukiingia kwenye jedwali la vitabu, kwa kaboni ndani ya ostenaiti, hiyo ni kasi ya nyuzi 900. Kwa hiyo ndani ya boksi ni 900 wakati nje kunasoma 920. Nyuzi 20 ni nyingi kuliko unavyofikiri, kwa sababu kasi haipandi kwa kujumlisha, inapanda kwa kuzidisha, kutoka 900 kwenda 920 inaongezeka karibu theluthi nzima. Kiukweli kasi inabadilika kidogo pia kutokana na kaboni yenyewe ilivyo nyingi, kwa hiyo msichukue namba yangu kama msahafu, lakini kwa karakana inatosha kabisa.

Hebu fikirieni, chuma kimekwambia joto lililokuwa ndani ya boksi ambalo hakuna mtu aliyefungua. Nimefanya hii kazi miaka mingi na sijawahi kujisikia hivi kuhusu kipande cha fito. Na nikawaza wazee wetu, Wahaya kule Kagera walikuwa wanatoa chuma chenye kaboni kwenye tanuri za udongo na mkaa, karne nyingi kabla ya meli za wageni, wakijua kwa jicho na kwa sauti ya nyundo kwamba hiki kimeiva na hiki bado. Mimi nina umeme na mita na bado nilikuwa napika mbichi.

Basi nikafanya mabadiliko mawili. Nimepandisha swichi mpaka isome 940 ili ndani iwe 920, na nahesabu masaa 2 ya kupasha ndipo naanza saa yangu. Kwa mahesabu ya ule mstari, kufikisha 0.6 kwa mpangilio wa zamani ningehitaji masaa 9 na nusu hivi, kwa mpangilio mpya masaa 8 kasoro, yote ni jumla pamoja na yale 2 ya kupasha. Nikapika masaa 8, mahesabu yanasema 0.61, nikatuma kipande shahidi cha nne nikalipa 180,000 yangu bila kinyongo, ikarudi 0.60. Nilimpigia simu yule dada kumshukuru, akacheka akasema karibu tena.

Jumla nimetumia 810,000 ukiacha nauli. Kwa fundi wa kawaida ni hela, naelewa, hiyo ni gia kadhaa. Ila si kipimo cha kufanya kila wiki. Unakifanya ukiwa na boksi jipya, au tanuri jipya, au umebadilisha mkaa, baada ya hapo unaishi na mstari wako na kipimo cha kawaida cha ugumu cha kukagua mara moja moja. Mkiwa mafundi wawili watatu mnaotumia tanuri la aina moja mnaweza kuchangia, lakini kila mtu boksi lake, maana boksi kubwa linachelewa kupata joto kuliko dogo.

Ukienda, sema hivi kabla ya kulipa: kata kipande, pima kutoka ukingoni kwenda ndani, sugua kwa alumina, agoni iwepo, nipe namba zote kwenye faili na si picha ya grafu peke yake. Hilo la mwisho walinizungusha kidogo, wanapenda kutuma PDF, ila bila namba huwezi kuchora mstari wako mwenyewe. Na peleka vipande vitatu vya masaa tofauti kwa mara moja, mimi nilipeleka kwa awamu nikapoteza karibu miezi miwili njiani.

Nyota 4 kati ya 5. Zingekuwa 3 kama si yule dada.

Kinachofuata kwangu ni chuma cha EN36, kile chenye nikeli kama asilimia 3 na kromi kama 1, nina oda ya pinyoni za mashine kubwa ya sukari guru. Humo kaboni haiendi kama kwenye chuma laini, kromi inaishikashika njiani, kwa hiyo mstari wangu wa sasa hautafaa. Vipande vitatu viko tayari, cha masaa 5, 8 na 12, kila kimoja na mpiko wake, cha kwanza kimeshaingia kwenye boksi leo asubuhi na nakitoa saa kumi jioni.